Daraja Nililolivundika

Kambi ya barabara, bondeni,
chini ya mlima wa kupandia Newala

Kwako Mama Agnesi, mke wangu, Lupaso.

Nabisha hodi mlangoni kwako kwa karatasi, kwa kuwa miguu yangu imezuiliwa huku. Hujambo? Mgongo wako je, bado unakukamata ukiinama kupalilia? Na Agnesi, amepata nguvu tangu ajifungue? Na mjukuu wangu, mliyemkusudia jina langu, ananyonya vizuri? Watoto wa hapo nyumbani walioniletea shikamoo kwa mdomo wa Mwalimu Lukasi, nawaambia marahaba, mmoja mmoja. Mimi nikisema ni mzima nitakuwa nakudanganya, na nikisema naumwa utaiacha mihogo juani uje mbio, na hilo ndilo nisilolitaka. Nakula, natembea, meno yangu ni yale yale. Katika kambi hii hakuna mtu wa rika langu anayetafuna mahindi ya kuchoma isipokuwa mimi. Ila moyo haukai mahali pake.

Barua hii naiandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi ya Simoni, dresa anayetufunga vidonda. Wenzangu hutafuta karani, mimi sitafuti. Herufi zimelala kidogo lakini zinasomeka. Na wewe Mwalimu Lukasi, utakayemsomea Mama Agnesi, nakuomba kama katekista wetu na kama jirani, soma polepole, usiruke pale ninapojisifu, wala usiruke pale nitakapoacha.

Neno lenyewe ni hili. Msipande lori.

Najua ni mimi niliyewaambia mpande. Nilisema wewe na Agnesi mchukue lori la korosho pale Masasi, mje nalo mpaka Newala, kisha Chilangala, mtoto akaonyeshwe kwa dada zangu na abatizwe huko kabla ya Noeli. Nilisema Agnesi akae mbele kwa dereva, na wakifika kwenye daraja langu amnyanyue mtoto aione kazi ya babu yake. Neno hilo nalirudisha tumboni. Msipande lori wala chochote chenye magurudumu kinachopita hapa. Daraja limeoza.

Sasa nakuona. Umeweka ungo chini, umemtazama Agnesi, unasema baba yenu ameanza. Utasema nimegombana na dada zangu, ndiyo maana sitaki mfike. Utasema mwaka juzi daraja hili hili lilikuwa la kubeba tembo na mtoto wake mgongoni, leo limeoza namna gani. Ndiyo sababu naandika kwa urefu. Nikiandika neno fupi hutaniamini, na una haki.

Nianze mwanzo. Daraja lilipotakiwa kujengwa, nyapara wetu, Bwana Issa, alitaka magogo ya mkongo, mti mgumu usiooza upesi. Mkongo ulikuwa mbali, msitu wa karibu ni miyombo mitupu. Mimi nikasema mbele ya watu wote, na yule Mzungu wa barabara akiwapo, leteni miyombo, nitaifanya iishi kuliko mkongo. Wakaniuliza kwa dawa gani. Nikawaambia, mimi ni mtu wa Chilangala, mtoto wa seremala, niacheni.

Unajua kwetu kule juu mti una adui mmoja tu, mchwa. Maji ya kunywa yenyewe tunayashukia bondeni, mti utalowa wapi? Nyumba ya baba yangu ilisimama juu ya nguzo zilizokauka mpaka ukizigonga zinalia kama kengele, na siku zilipoanguka aliyeziangusha alikuwa mchwa. Basi akili yangu yote ilikuwa kwa mchwa. Nikajiuliza, huyu mchwa anaweza kila kitu, lakini je, anaweza kuogelea? Hapo chini ya daraja mto una dimbwi, kina kirefu, maji yamesimama. Nikaamuru magogo yote yatupwe humo na yawekewe mawe juu. Yakalala kiangazi chote. Nilisema mti ukishiba maji mchwa hatauonja maisha yake.

Na ni kweli, hakuuonja. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu.

Lakini tulipoyavuta nje yalikuwa na ute, na yalinuka. Vijana wa kambi waliziba pua, wakasema Mzee Filipo umetutolea maiti. Nikawaambia hiyo ni taka ya nje, kwangueni. Wakakwangua, chini mti ukaonekana mweupe, mgumu, shoka likiruka. Nikacheka mimi. Tukayapanga magogo, ncha zake tukazizika ukingoni huku na huku, juu tukamwaga udongo na changarawe, tukashindilia. Wakaliita Daraja la Filipo, na mimi nikapewa kazi ya kulilinda na kibanda kando yake. Madereva wakifika hunipigia honi. Yote hayo uliyasikia, nilikuandikia, na labda nilizidisha kidogo kuhusu tembo.

Mwaka huu mvua za kwanza zilipodondoka, nikaona uyoga. Umeota ubavuni, pale udongo unapokutana na gogo, umepangana kama masikio. Nikaung'oa. Ukarudi. Nikaona na nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zinatoka gogo hili zinaingia gogo lile. Nikazifuta kwa kiganja. Halafu siku moja nilikuwa nazibua mfereji pembeni ya daraja, jembe likateleza likapiga kichwa cha gogo. Mama Agnesi, halikulia. Liliingia. Liliingia kama mwiko unavyoingia kwenye ugali, nikalivuta likatoka na kitu cheupe, laini, kimelowa. Nikatia kidole, kikaenda chote. Nikatia mkono, nao ukaenda mpaka kiwiko. Nilikaa chini palepale matopeni.

Dresa Simoni, yule wa dispensari ya barabarani, alipokuja kambini kufunga vidonda vya watu, nikampa kipande ndani ya kichupa cha dawa. Kule kwake ana darubini ya kuangalia damu ya wagonjwa. Akaenda nacho. Aliporudi alinikalisha kando, akasema, "Mzee, gogo lako lina wakazi wa namna mbili."

Nikamwambia ataje majina yao niwafukuze.

Akasema wa kwanza ni vijidudu, wadogo, jicho haliwapati kabisa. Wa pili ni kuvu, yule wa nyuzi nyeupe, na ule uyoga ni tunda lake tu. Akanieleza, na mimi nilielewa haraka kuliko alivyotazamia. Mti si kitu kizima kama jiwe. Ndani una mirija myembamba sana, na kila mrija una mlango wa ngozi nyepesi. Nilipoyalaza magogo dimbwini, wale vijidudu waliila milango hiyo. Mti wenyewe hawakuuweza, ni wadogo, walikula milango tu. Ndiyo maana lilipotoka shoka liliruka, nikacheka. Nyumba ilikuwa imesimama, milango haipo. Na kuvu ndani ya maji yale alikuwa hawezi kitu, anataka pumzi. Tulipoyatoa tukayafukia kwenye udongo wenye unyevu, akapata pumzi na maji pamoja, akaingia bila kubisha hodi.

Nikamuuliza, "Na wale wadogo walikwenda wapi?"

"Hawakwenda. Kuvu anatema mate yake, mti unageuka uji, na wao wanalamba uji huo. Nao wanamtengenezea kuvu chakula ambacho mti hauna. Wanaishi pamoja."

Nikamuuliza hawagombani? Maana hapo niliona tumaini. Akasema wanagombana sana. Kuvu humwaga uchachu wa kuwafukuza, na wako vijidudu ambao nao humzuia kuvu asisogee, hata kumla humla. Nikamshika mkono, nikamwambia Simoni mwanangu, nipe dawa ya kuwagombanisha, nitamwagia hata maziwa ya ng'ombe nikiambiwa. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

"Mzee, atakayeshinda na atakayeshindwa, wote wanakula mti."

Basi alipofika hapo nikamwambia nyamaza, maana nilikuona wewe.

Nilikuona pale kijitoni Lupaso, nguo umeifunga kiunoni, unailaza mihogo michungu majini. Inalala humo mpaka inalainika na kuanza kunuka. Ukiiinua bado ina umbo lake, mtu akipita ataona mihogo. Kisha unaitoa, unairundika, unaifunika majani, na ukungu unaingia mpaka moyoni. Halafu unakwangua, unaanika, unatwanga, unga laini. Na ile isiyolala majini, kama tunavyofanya kwetu Chilangala, tunaimenya tu na kuianika juu ya mapaa, hiyo hata ukiifunika ukungu unaishia juujuu. Wewe ulinieleza hayo mwaka ule nilipokuja kukaa kwenu baada ya kukuoa. Ulisema maji kwanza, ukungu baadaye, ukianza na ukungu hupati kitu. Na mimi nikacheka, nikasema kazi za wanawake hazinihusu, kwetu maji hatuyachezei.

Sasa sikia nilichofanya. Nimeyaloweka magogo ya barabara kama mihogo, nikayatoa, nikayarundika, nikayafunika udongo badala ya majani. Nimelivundika daraja, Mama Agnesi. Limebaki kutwangwa tu, na mchi wake ni lori.

Mwalimu Lukasi, hapo rudia mara mbili.

Usidhani nimekaa tu. Kwanza niliwasha moto. Kwetu kila kitu tunachotaka kisioze tunakiweka juu ya moshi, mbegu za mahindi, mpini wa jembe, ngoma. Nikakusanya kuni chini ya daraja nikafukiza. Bwana Issa alikuja mbio akizima kwa ndoo na kuniuliza kama nina kichaa, nataka kuichoma barabara. Nikamwaga majivu. Nikamwaga chumvi yangu yote ya kula. Nikaomba lami, nikapaka mahali mkono ulipofika, lakini Simoni akasema nimefunga mlango wakazi wakiwa ndani.

Ndipo nikaenda kwa Bwana Issa, nikamwambia wazi, zuia magari. Si mtu mbaya, nakuomba usimlaani. Alicheka mpaka akakaa juu ya toroli. Akasema, Mzee Filipo, wewe ndiye uliyenizuia kuleta mkongo. Wewe uliyesema daraja hili litakuwapo mpaka wajukuu wa wajukuu. Leo korosho zimejaa maghalani huko juu, malori yamepangana, ndiyo leo daraja limeoza? Hata hivyo alimwita Mzungu. Yule akashuka chini ya daraja na nyundo yake, akagonga tumbo la kila gogo, nalo likalia vizuri, maana uozo uko juu, chini ya udongo, na kwenye vichwa vilivyozikwa. Akatafuta mchwa, hakumwona hata mmoja. Akanipiga bega. Bwana Issa akanitafsiria kwamba Bwana anasema kazi yako ni nzuri sana, mzee, usiwe na hofu.

Maisha yangu yote nimetaka kuambiwa hivyo mbele ya watu. Siku hiyo nilitamani anitukane.

Nikamwomba afukue changarawe aone juu. Akasema atafukua korosho zikiisha. Korosho zitakwisha mvua zikiwa zimekolea.

Basi nikafukua mwenyewe. Asubuhi nilichukua jembe nikachimba katikati ya barabara, mwanzoni mwa daraja, mpaka magogo yakawa wazi. Akafika Abdala na lori lake, yule Mmakua mtani wangu, ndiye ambaye angewachukua ninyi Masasi. Akafunga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe Mmakonde, kwenu mmekosa visima, sasa unachimba barabarani?"

Watu juu ya magunia matupu wakacheka. Nikamwambia ashuke. Akasema ashuke afuate nini, labda nimezika pombe ya ulanzi. Nikamwambia shuka, Mmakua, leta mtaimbo wako. Akashuka nao akinitania bado, ananiuliza kama nikifa waliweke daraja hili juu ya kaburi langu, maana watani ndio watakaonizika. Nikamwonyesha mahali, akachoma mtaimbo. Ulizama. Akauvuta, akaitazama ncha yake, akainusa. Akaupanguza mtaimbo kwa majani, akaurudisha garini. Akageuza lori akarudi Masasi, na abiria wakimnung'unikia.

Nilifikiri nimeshinda. Mchana Bwana Issa akaja na vibarua, wakafukia shimo, wakamwaga changarawe mpya, wakashindilia. Imekaa sawa, safi kuliko mwanzo. Mwenye lori amemwambia Abdala kwamba asiyevuka aache usukani, na Abdala ana watoto. Amenitumia maneno kwamba atavuka polepole, na akikumbuka atawashusha abiria kwanza. Akikumbuka. Na kama mvua inanyesha, nani atashuka na mtoto mchanga alowe?

Mimi napelekwa boma Newala kwa kuharibu barabara ya serikali. Askari wanangojwa. Sikimbii, sijawahi kukimbia, watanikuta nimekaa kibandani na koti langu nimevaa. Kifungo sikiogopi. Ninachokiogopa ni kwamba nikiondoka hapa hapana mtu wa kusimama mbele ya magari na jembe, na daraja litakuwa zuri machoni. Mtakuja mtaliona limelala sawasawa na changarawe mpya, na Agnesi atamnyanyua mtoto.

Kwa hiyo bakini Lupaso. Mtoto abatizwe hapo hapo, dada zangu watamwona siku nyingine. Na jina langu msimpe kwanza. Mwiteni jina la baba yako, mtu aliyelima tu wala hakujenga kitu juu ya mto. Daraja hili likisha kuvunjwa na kujengwa kwa mkongo bila mtu kufa, mkitaka mtamwongezea Filipo nyuma.

Nisalimie shemeji yangu, kaka yako mkubwa, mwambie ule mzinga wa nyuki aliouomba nitautengeneza nikitoka, nitautengeneza kwa mti mkavu. Mama mkwe nampigia magoti kwa heshima, mgongo wangu ukiruhusu. Mkwe wetu, mume wa Agnesi, mwambie kama ana miguu aende Masasi akasimame yanapopakia malori, amwambie kila anayepanda. Jirani yetu mfinyanzi naye nimemkumbuka, na mkewe kipofu.

Mwalimu Lukasi anangoja, baiskeli ameibeba begani, atavuka majini kama nilivyomwomba. Hii barua sikutaka ipite juu ya daraja lile.

Lakini mimi nakujua, Mama Agnesi. Ukisikia niko boma utafunga nguo utakuja, hata nikikataza kwa barua kumi. Basi ukija, njoo peke yako. Ukiona mto, gonga paa la gari kwa nguvu, useme unashuka, wakucheke ushuke. Usilitazame daraja, litakudanganya kama lilivyonidanganya mimi niliyelijenga. Nenda pale pembeni kwenye mfereji, inama na mgongo wako huo, unuse. Ukisikia harufu ya mihogo yako siku unapoitoa majini, geuka, vukia chini pale mawe yanapoonekana, na ujue kwamba mara hii mumeo hakujisifu.

Mimi,
Filipo wa Chilangala,
baba yake Agnesi, mlinzi wa daraja.